Siku thread za baiskeli zilikufa Nakuru na ng'ombe ananingoja Subukia

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Leo kumenyesha asubuhi na mimi nimekaa na simu na chai.

Juzi kuna kijana alianzisha uzi hapa akilalamika kwamba matundu ya bottle cage, kile kikapu cha kushika chupa ya maji, kwa fremu yake yamekufa thread. Bolti inazunguka bure, chupa inacheza, akipiga shimo kidogo tu chupa inaruka barabarani. Mkamwambia anunue fremu mpya. Mwingine akamwambia aweke gundi. Mwingine akamwambia anywe maji kabla ya kutoka nyumbani.

Nilicheka mpaka jirani akachungulia dirishani.

Nakaribia miaka tisini. Shida ya huyo kijana niliipata miaka ya hamsini, hapa hapa Nakuru, siku ambayo sikuwa na nafasi ya kununua kitu kipya wala kungoja kesho. Nitawaeleza ilivyokuwa, na sitaongeza chumvi. Kwa umri huu sina mtu wa kumfurahisha.

Macho yamechoka, kwa hivyo mkiona herufi zimeruka mnisamehe.

Haya.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Jina langu ni Enoki, mtu wa Maragoli. Baba alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli, na mimi nikapata kazi ofisi ya mifugo. Kazi ya kwanza ilikuwa kufagia na kuosha viatu vya Bwana Mifugo, yule mzungu aliyekuwa mkubwa wetu. Baadaye akaona nashika ng'ombe vizuri bila kuwaogopesha, akanipeleka kufundishwa AI.

Vijana wa mjini, AI ya sisi si hiyo ya kompyuta. Ni kupandisha ng'ombe kwa mkono. Mbegu za fahali zinakuja zikiwa kwa vichupa vidogo, unavaa glavu hadi begani, unaingiza mkono, unaweka mbegu mahali pake, umemaliza. Fahali mwenyewe yuko Nairobi anakula majani na hajui chochote.

Siku hizi mbegu zinakaa miaka kwa baridi kali sana. Siku zetu zilikuwa zinakuja na treni kutoka Nairobi ndani ya flaski kubwa ya glasi, imejazwa barafu. Zilikuwa hai siku mbili, tatu ukibahatika. Flaski ikivunjika, hiyo mbegu imeisha. Ikipata joto, imeisha. Ikitikiswa sana pia, tuliambiwa, imeisha.

Kwa hivyo flaski haikupanda kwa kariya ya nyuma ya baiskeli zetu. Kariya inarusha. Na mgongoni tulikatazwa kabisa, maana mwenzetu mmoja alianguka nayo pale karibu na Njoro, glasi ikavunjika, na mgongo wake ukashonwa.

Ndipo fundi mmoja wa chuma akatutengenezea kikapu cha vyuma, kimewekwa gunia na sufi ndani, kinakaa katikati ya fremu, kwa ule mwanzi unaoteremka kutoka usukani kwenda kwa pedali. Alichomelea kwa fremu vituta viwili vidogo vyenye tundu, kimoja juu na kimoja chini. Tundu lina thread ndani, yaani yale meno yanayoshika bolti. Bolti mbili, kikapu kimeshika.

Wakuu, hiyo ni bottle cage. Msifikiri mmeivumbua nyinyi.

Sasa siku yenyewe.

Bwana Mifugo alikuwa ameenda Molo na Land Rover, siku mbili. Asubuhi karani wa ofisi akapata simu kutoka shamba moja la mzungu kule Subukia. Ng'ombe wao anaitwa Duchess ameanza joto alfajiri.

Huyo Duchess nilikuwa namjua. Mimi na Bwana Mifugo tulishampandisha mara mbili, na mara zote mbili akarudia joto, yaani hakushika mimba. Mwenye shamba, mzungu tuliyemwita Bwana Filimbi kwa sababu aliwaita mbwa na watu kwa filimbi ile ile, alikuwa amesema wazi: mara ya tatu akikataa, anaenda kwa bucha.

Na mtu aliyekuwa anamchunga, Kiprono, Mkipsigis mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa amemlea huyo ng'ombe tangu ndama. Alimwita Dachesi. Mara ya pili tulipotoka huko, Kiprono alinishika mkono pembeni akaniambia, "Enoki, huyu si tasa. Mimi namjua. Mnakuja mkiwa mmechelewa."

Na alikuwa anasema ukweli. Ng'ombe akianza joto asubuhi, mchana ukielekea jioni ndiyo saa yake. Ukikosa hiyo saa umekosa. Mara zote mbili tulifika usiku, maana Land Rover ilikuwa na kazi nyingi.

Karani akaniangalia. "Bwana Mifugo hayuko. Utaenda wewe?"

Sikuwa nimewahi kwenda peke yangu. Hata mara moja.

Nikasema, "Naenda."

 Nilifika stesheni na baiskeli, treni imeshaingia, nikapewa flaski, nikaweka sahihi. Nikairudisha barafu iliyotaka kutoka. Nikaishusha kwa kikapu.

Kikapu kikainama.

Nikashika bolti ya juu na vidole. Inazunguka. Nikachukua spana, nikazungusha. Inazunguka tu, haikazi, kama kijiko ndani ya uji. Nikaitoa. Ilitoka na unga wa chuma, yale meno ya ndani yote yameliwa. Barabara zetu za mawe zilikuwa zimeyasaga kidogo kidogo na mimi sikuwahi kukagua.

Bolti ya chini ndiyo mbaya zaidi. Hiyo ilikuwa imekaza, lakini kituta chenyewe kilikuwa kimeachana na fremu. Ukizungusha bolti, kituta nacho kinazunguka.

Niliketi chini kwa mawe ya reli, flaski mapajani. Saa mbili na nusu asubuhi. Subukia ni kama maili ishirini na tano, kupanda hadi Bahati, halafu kuteremka ule ukingo wote wa bonde.

Nikaikokota baiskeli mpaka kwa fundi wa baiskeli karibu na soko. Akaangalia, akatingisha kichwa.

"Hii ni ya kuchomelea upya. Niachie, uje kesho kutwa. Gesi yangu imeisha."

"Naitaka sasa hivi."

"Sasa hivi labda ufunge na kamba."

Tulijaribu kamba. Tulijaribu kujaza tundu na vijiti vya kiberiti, halafu tukakaza bolti. Ilishika. Nikainua baiskeli nikaiangusha chini mara moja tu kujaribu, bila flaski. Kikapu kikatoka na vijiti vikatoka nacho. Tukazungushia bolti karatasi ya bati ya sigara. Ikashika, nikaangusha, ikatoka.

Kwa hivyo wale mnaoshauri gundi na karatasi, nimewasikia. Nilishapita hapo.

Yule fundi aliniona naangalia jua kila mara. Akasema, "Wewe unahitaji mtu mwenye tepu. Kile chuma cha kukatia thread mpya. Mimi sina. Nenda mtaa wa Bondeni, uliza Mama Zuhura wa cherehani."

"Wa cherehani?"

"Nenda tu."

Ngoja niongeze chai, narudi.

Nimerudi.

Mama Zuhura alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, kitambaa kichwani, miwani imefungwa na uzi upande mmoja. Mumewe alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, akafa, na watu wakadhani kazi imekufa naye. Kumbe miaka yote mama alikuwa anaangalia. Eda yake ilipoisha alifungua mlango, akatoa meza nje, akaendelea. Mafundi nguo wote wa mji walikuwa wanamletea.

Nilimkuta barazani amefungua tumbo la cherehani. Nikamsalimia shikamoo, nikaeleza mbio mbio. Hakuacha kazi yake.

"Mimi si fundi baiskeli, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini wameniambia una tepu."

"Ninayo. Ya ukubwa huo ninayo moja tu, na ni ya marehemu. Ikivunjikia ndani ya chuma chako, haitoki tena. Fremu yako imekufa, na mimi nusu ya kazi yangu imekufa. Una haraka ya nini hivyo? Umebeba nini humo?"

Wakuu, nilikuwa kijana, na yule ni mama wa kuheshimiwa. Nikaona haya. Nikasema, "Ni dawa ya ng'ombe."

"Dawa gani?"

"Ya... ya kupata ndama."

Akaweka bisibisi chini. Akaniangalia juu ya miwani.

"Unamaanisha bwana harusi yumo ndani ya chupa?"

Nikasema ndiyo.

Alicheka mpaka akavua miwani akapangusa macho na kanga. Akamwita jirani yake wa mlango wa pili, akamweleza, na jirani naye akaanza. Mimi nimesimama pale natamani ardhi inimeze. Kisha akakatiza kicheko ghafla, akaniuliza kwa makini kabisa:

"Na bibi harusi akimkosa leo?"

"Anachinjwa, mama."

 Akasukuma cherehani pembeni.

"Leta hiyo baiskeli. Na hiyo chupa iweke ndani, chini ya kitanda, sakafu ni ya baridi." Akailoweka kanga moja kwa maji, akaifunika nayo flaski kama mtoto mwenye homa.

Sasa kijana wa bottle cage, hapa ndipo ufungue masikio.

Kwanza tuligeuza baiskeli miguu juu, mimi nikaishika kwa magoti isitikisike. Akachukua kekee ya mkono, akapanua lile tundu la juu kidogo sana, kiasi cha kufuta meno yaliyokufa. Hakusukuma. Aliacha kekee ijitafunie yenyewe. Kila baada ya mizunguko michache alisimama akaangalia kama imesimama wima, maana ukikata tundu limepinda, bolti nayo itaenda ikiwa imepinda maisha yake yote.

Halafu akatoa tepu. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, ndani ya kopo la peremende. Ilikuwa ndogo kuliko kidole changu cha mwisho. Akadondosha mafuta ya cherehani kwa tundu, akadondosha mengine kwa tepu, akaisimamisha, akaanza.

Nusu mzunguko mbele. Robo nyuma. Nusu mbele. Robo nyuma.

Ile ya nyuma ndiyo siri. Unaporudi nyuma, unga wa chuma unakatika na kutoka njiani. Ukienda mbele tu bila kurudi, unga unajaa, tepu inabanwa, inavunjika.

Karibu na katikati, tepu ikalia. Kwiii.

Akasimama. Mkono wake ulisimama hapo hapo, hata hakuutoa.  Jirani naye alikuwa ameacha kucheka.

"Usitikise hayo magoti," akasema polepole.

"Sitikisi, mama."

"Unatikisa."

Kweli nilikuwa natikisa. Nikabana meno, nikakaza.

Akarudisha nyuma. Haikutaka. Akaongeza mafuta, akangoja. Nilisikia jasho likinishuka mgongoni na barafu ya Nairobi ikiyeyuka chini ya kitanda. Akajaribu tena, kwa vidole viwili tu, kama mtu anayefungua macho ya mtoto aliyelala. Ikalegea. Akaitoa nje yote, akaisafisha na unyoya wa kuku, akapuliza tundu, akaanza upya tangu mwanzo.

Nusu mbele. Robo nyuma.

Ikapita!

Nilipiga kelele. Kabisa! Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Mama Zuhura akaniambia ninyamaze, lakini hata yeye alikuwa anatabasamu meno yote.

Akatafuta ndani ya makopo yake bolti nene zaidi ya ile yangu, ya cherehani ya zamani. Akalipanua pia tundu la kikapu ili bolti ipite. Akaikaza kwa mkono, halafu kwa spana, na alipofika mahali pa kusimama ikasimama tuk! Sijawahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

"Na hiki cha chini?" nikauliza.

"Hicho hakina dawa leo. Kituta kimeachana na mwenzake, ukikikatia meno mapya utakuwa unakata meno ya maiti." Akakata ukanda wa bati gumu, akaukunja kuzunguka ule mwanzi wa fremu kama bangili, ncha zote mbili zikakutana upande mmoja, akazitoboa na kupitisha bolti na nati. Chini ya bangili aliweka kipande cha tyubu ya baiskeli ili bati lisiteleze wala lisikwaruze rangi. Kikapu kikashikwa na bangili pale chini na bolti mpya pale juu.

Nikainua baiskeli. Nikaiangusha. Nikaiinua juu zaidi, nikaiangusha tena. Kikapu hakikusonga hata unywele.

Nikamuuliza nimpe nini. Akasema, "Uniletee habari. Usiniletee kitu kingine. Na sasa toka hapa, bwana harusi anachelewa."

Ilikuwa inakaribia saa tano.

Wakuu, siku hiyo niliendesha baiskeli kama mtu anayefukuzwa! Menengai upande wa kushoto, upepo usoni, shati limejaa hewa. Kila nikipiga jiwe nilikuwa naangalia chini kati ya magoti. Flaski imetulia. Jiwe lingine. Imetulia. Nikaanza kuimba. Nyimbo zote za kanisa nilizozijua ziliisha kabla sijafika Bahati, nikarudia.

Bahati nikakuta kizuizi. Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, barabara zilikuwa na askari kila mahali. Wawili wenye bunduki, na gogo limelazwa barabarani.

Nikatoa kipande, kile kitambulisho cha siku hizo, na barua ya ofisi. Yule wa kwanza akasoma, au akajifanya anasoma. Akaonyesha flaski na mtutu wa bunduki.

"Hiyo ni nini?"

"Mali ya ofisi ya mifugo, afande. Mbegu za fahali."

"Za nini?"

"Za fahali."

Akafikiri namchezea. Uso wake ukabadilika. "Fungua."

"Afande, ikifunguliwa juani inaharibika."

"Nimesema fungua! Nyinyi mnabeba risasi kwa chupa za maziwa na kwa mikate. Fungua!"

Nilishika kifuniko. Wakuu, vidole vilikataa. Nilikuwa namwona Dachesi, namwona Kiprono, namwona yule mama amesimamisha mkono juu ya tepu. Hofu ikageuka kitu kingine, nikajikuta naongea haraka, nikaeleza kila kitu, kuanzia treni mpaka glavu mpaka mkono unaingia wapi. Nikaonyesha na mkono kabisa.

Yule askari wa pili alikuwa amekaa kwa gogo. Akasogea.

"Unaingiza mkono mpaka wapi?"

"Mpaka hapa." Nikashika bega.

"Na ng'ombe hapigi teke?"

"Ukimshika vizuri hapigi."

Akamgeukia mwenzake. "Huyu hadanganyi. Hakuna mwongo anaweza kutunga hiyo." Akaniambia nivae ile glavu aione. Nikatoa kwa begi nikavaa, ndefu mpaka bega. Wote wawili wakaangua kicheko. Yule wa kwanza akavuta gogo mwenyewe kwa mguu.

"Pita, daktari. Na usisalimie mtu na huo mkono."

Daktari! Nilipita pale kifua mbele.

Kutoka hapo ni kuteremka. Ule ukingo wa Subukia siku hizo haukuwa na lami, ulikuwa mawe na mchanga na kona ambazo ukikosa moja unaonana na mti. Breki zangu zilinuka. Mikono ilikufa ganzi. Baiskeli ilikuwa inaruka kama mbuzi, na mara moja gurudumu la mbele lilipiga shimo nikanyanyuka kutoka kwa kiti nikatua tena.

Nilisimama baada ya hapo kuangalia. Nikashika bolti ya juu. Baridi, imekaza. Nikashika bangili. Imekaza. Nikaweka sikio kwa flaski nisikie kama kuna sauti ya glasi iliyovunjika. Kimya.

Nililia kidogo, sitawaficha. Halafu nikapanda tena.

Nilifika shambani saa tisa na dakika chache. Kiprono alikuwa amesimama kwa lango, na inaonekana alikuwa hapo kwa muda mrefu, maana alikuwa amechora chini na fimbo mistari mingi sana. Aliponiona peke yangu juu ya baiskeli, bila Land Rover, bila mzungu, uso wake uliniuma kidogo.

"Wako wapi?"

"Ni mimi."

Akaangalia jua. Akaangalia flaski. Akasema, "Kuja haraka. Saa hii ndiyo yenyewe."

Bwana Filimbi alitoka barazani na mbwa wake. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha shamba, "Wapi bwana yako?"

Nikamwambia yuko Molo.

"Wewe boy nataka fanya peke yako?"

Kiprono akajibu kabla yangu. Sijui alipata wapi nguvu, maana siku hizo hukumjibu mzungu. Akasema, "Ndiyo Bwana. Amefika mapema kuliko wao."

 Bwana Filimbi akasimama kando ya boma, mikono nyuma, akaangalia.

Nilifungua flaski. Barafu ilikuwa bado ipo, vipande vikubwa! Kichupa kizima. Kiprono alishika kichwa cha Dachesi akawa anamnong'oneza Kikipsigis sikioni. Nilivaa glavu. Nilifanya vile nilivyofundishwa, polepole, nikasahau kuna mzungu, nikasahau kuna mbwa. Mkono wangu ulijua kazi. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua mbili, nikaketi kwa ndoo.

Kesho yake, kabla hata sijaripoti ofisini, nilipita Bondeni. Mama Zuhura aliponiona tu akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Harusi imefungwa?"

"Imefungwa, mama!"

Jirani akapiga kigelegele. Kwa ng'ombe, wakuu.

Siku ishirini na moja zikapita. Dachesi hakurudia. Miezi mitatu nikaenda kumpima, nikaingiza mkono, nikagusa, nikamtazama Kiprono.  Alisoma uso wangu akaenda nyuma ya boma akakaa huko kwa muda.

Alizaa jike. Jekundu, paji la uso jeupe, limesimama na miguu minne inayogombana. Kiprono alinipa nilishike kwa mikono yangu, nikatoka na utelezi mpaka kiunoni.

Kisha wiki chache baadaye simu ikalia ofisini kutoka shamba lile lile. Karani akaandika ujumbe kwa karatasi, akauangalia, akanipa. Bwana Filimbi alikuwa na ng'ombe wengine watatu wa kupandishwa. Hakuomba Bwana Mifugo. Hakusema boy. Karani alikuwa ameandika vile alivyoambiwa kwa simu: Mtumeni Enoki.

Ile karatasi nilikaa nayo mfukoni mpaka ikachakaa.

Nilichojifunza ni hiki. Kitu kimekufa thread, usikimbilie kukitupa na usikimbilie kukifunika. Toa meno yaliyokufa, kata mapya makubwa kidogo, tumia mafuta, na usiogope kurudi nyuma robo. Na kama kituta chenyewe kimeachana na fremu, kifunge bangili. Pia kagua bolti zako kila wiki. Mimi sikukagua, na karibu ng'ombe wa watu achinjwe.

Lingine ni kwamba fundi wako anaweza kuwa mtu ambaye hukumfikiria kabisa.

Mwaka uliofuata nilihamishwa Kuresoi, nikakaa huko muda mrefu. Niliporudi Nakuru nilienda Bondeni moja kwa moja. Ile baraza ilikuwa na watu wengine. Waliniambia Mama Zuhura aliondoka na wanawe, mmoja akasema Eldoret, mwingine akasema Mombasa. Wakati huo hakukuwa na simu za mkononi, na sikuwahi kujua jina la mumewe. Sikuwahi hata kumwambia kwamba yule ndama alikua akazaa wa kwake, na hao wakazaa wao.

Kwa hivyo wakuu, toeni maoni yenu, swali lolote la thread nitajibu kadiri macho yataruhusu. Lakini kama kuna mtu hapa ambaye nyanya yake alikuwa anatengeneza cherehani Bondeni miaka hiyo, miwani imefungwa na uzi upande mmoja, tafadhali andika hapa chini. Nina habari nilizoahidi kumletea, na zimekuwa nyingi sana.